Shemeji ataka twende kuwinda, na mimi bunduki sijui

SWALI: Mjomba shikamoo. Mwezi wa 11 inshallah naenda Wisconsin, Marekani, kumtembelea dada yangu kwa viza ya kutembea tu. Mumewe ni mwindaji na ashaniambia tutaingia msituni kutafuta dia, wale kama swara ila pembe zao zina matawi. Mimi bunduki naziona kwa askari wa benki basi. Nikikataa ataniona muoga, nikienda naogopa kupigwa risasi. Nifanyeje? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo si uoga, ni akili, na wala usione haya manake hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, ungejulia wapi?

Anza na sheria. Marekani mgeni wa viza ya kutembea haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Kwa hivyo shemeji akikwambia "hebu nishikie kidogo nikajisaidie", kataa, wallahi hio kidogo yaweza kukutia kwa kesi ya serikali kuu. Na leseni nayo, aliyezaliwa 1973 kuja huku huko Wisconsin atakiwa awe na cheti cha mafunzo, ama awinde na msimamizi aliye karibu yake kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mimi ningekwambia mara ya kwanza enda mikono mitupu, ukatazame.

Lakini hata mtazamaji hupigwa. Vaa jaketi na kofia ya rangi ya machungwa ile inayowaka, ama pinki inayowaka, wameiruhusu tangu 2016. Usihofu utafukuza wanyama, dia hawaioni hio rangi kama tunavyoiona sisi. Nyeupe acha nyumbani, hata hanchifu, manake mkia wa dia chini ni mweupe na mtu mwenye papara akiona cheupe kikipepea kichakani ashapiga.

Sasa bunduki yenyewe. Siku nzima angalia mtutu unaelekea wapi, ukikugeukia sema hapo hapo, hata kama ni shemeji na umekula kwake. Akikwambia haina risasi, wewe hesabu imo. Kidole kikae nje ya triga mpaka ameamua kupiga, na ile sefti, kile kifungio cha kuzuia bunduki isifyatuke, asiitegemee, ni chuma tu chaweza kuharibika. Kuna watu hutumia skopu ya bunduki, ile lenzi ya kulengea, kama darubini, waona kitu chatembea mbali waangalia ni nini kumbe ni mtu, yaani ashamuelekezea bunduki binadamu mwenziwe! Akisikia majani yakitikisika asipige, amuone mnyama mzima na aone nyuma yake kuna nini, kilima ni sawa, nyumba ama barabara hapana, risasi ya raifo yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3.

Kuruka ua ama kupanda kile kikao chao cha juu ya mti, risasi zitolewe kwanza, mtu apande mikono mitupu na mkanda wa kumzuia asianguke, halafu ndio bunduki ivutwe kwa kamba mtutu ukiangalia chini.

Mpigie simu kabla hujasafiri umuulize yeye huruka ua vipi na bunduki. Akikueleza vizuri nenda naye, akicheka tu baki na dada yako, msimu wenyewe wa bunduki ni siku 9. Na halali ya hio nyama muulize ustadhi, mimi simo.