Anza na mshubiri

Dada, kwa kiploti chako cha Mamboleo, hapa Kisumu, ambacho nusu yake ni sementi, na unataka ndege na vipepeo warudi, mimi ningeanza na mshubiri (aloe). Panda mitatu minne kando ya ua. Ikitoa maua, wale ndege wadogo waitwao chozi hawakosi kuja kufyonza. Halafu mlimau. Ukiona viwavi wadogo kwenye majani wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege, usikimbilie dawa. Hao baadaye hugeuka kijani, kisha wanatoka vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Mti uliokomaa hautikisiki. Kwenye mche mchanga ndipo utawahamisha kwa mkono.

Pasheni ukiipandisha kwenye waya, acha gogo kavu karibu, maana wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huchavusha maua yake vizuri kuliko nyuki wa asali. Maji weka kwenye sinia lenye mawe, ubadilishe kila baada ya siku mbili (Kisumu na mbu tunajuana). Lantana, kile kichaka cha maua, achana nayo, hata kama vipepeo wanaipenda, inasambaa vibaya. Na anayekufagilia uwanja, mwambie majani makavu ayarundike kona moja, asiyachome.