Meno Kushika Ganzi: Ndimu, Ukwaju na Muda wa Kunywa

Meno yakishika ganzi, wengi hulaumu barafu. Barafu huonyesha tu mahali ambapo jino limeshavuliwa ganda. Kinachovua ganda ni asidi, nayo Lamu haijapungukiwa: ndimu, ukwaju, pasheni, mabuyu, achari ya embe, na soda juu yake.

Ganda hilo, enameli, huanza kuyeyuka pH ya mdomoni inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya ndimu tupu yana pH ya 2 na kitu, soda ya kola karibu 2.5, juisi ya pasheni na ya ukwaju huzunguka 3. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na huyeyuka mapema zaidi. Ina vijitundu vyembamba mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Vikiachwa wazi, ubaridi, moto au hata utamu husukuma majimaji yaliyomo, na hapo ndipo mtu anaporuka.

Sukari haipunguzi asidi. Huficha ukali ulimini, kisha huleta balaa lake la kutoboa meno. Kuongeza maji nako husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Jambo kubwa ni muda. Baada ya funda la asidi, mate huhitaji kama nusu saa kuirudisha pH mahali pake na kuanza kurudishia enameli madini. Glasi ya ukwaju ikinywewa pamoja na wali ikaisha, meno yameshambuliwa mara moja. Glasi ileile ikionjwaonjwa tangu alasiri hadi magharibi, mate hayapati nafasi hata kidogo. Kwa hiyo kikao cha miraa na soda ndicho kibaya kuliko vyote: mdomo umekauka, na funda la soda linarudi kila baada ya dakika chache kwa saa tatu, nne. Anayetafuna na asindikize kwa maji.

Ramadhani ina hatari ya namna hiyo. Wakati wa kufuturu mate ni machache, na jambo la kwanza linaloingia kinywani huwa juisi ya ndimu yenye barafu. Anza na maji na tende, juisi ije na chakula. Mswaki upigwe baada ya tarawehe, si mara tu baada ya kufuturu. Asubuhi pia mdomo huwa mkavu, hivyo maji ya vuguvugu yenye ndimu, yanayosifiwa sana siku hizi, hukuta meno hayana kinga, na uvuguvugu huharakisha kuyeyuka.

Kwa nini mswaki usubiri? Enameli iliyotoka kulowa asidi imelainika, na mswaki huikwangua. Sukutua kwa maji matupu, ngoja nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Anayetapika kwa ujauzito au mwenye kiungulia asukutue kwa kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda katika glasi ya maji, ateme.

Mrija husaidia, mradi ncha yake ipite nyuma ya meno ya mbele. Kusukasuka juisi mdomoni kabla ya kumeza huharibu faida yote. Lasi na mtindi ni vichachu, lakini kalsiamu yao huzuia sehemu kubwa ya madhara, na dafu ni pole kuliko juisi yoyote ya matunda makali.

Tumia mswaki wa nyuzi laini na dawa ya meno yenye floridi 1,450 ppm, yaani sehemu kwa milioni (namba imeandikwa kwenye boksi), mara mbili kwa siku. Tema povu, usisukutue. Kwa ganzi, tafuta dawa yenye potasiamu nitrati au floridi ya stanasi. Paka kidogo kwa kidole penye ganzi kabla ya kulala, uiache hapo. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hivi, na ukiacha kuitumia, ganzi hurudi. Mkaa wa kusaga na chumvi havifai kabisa. Mswaki wa mti haudhuru ukitafunwa ukalainika na ukapitishwa juu na chini; ukisuguliwa kwa nguvu kushoto na kulia, huchimba shina la jino karibu na ufizi. Mafuta ya karafuu hutuliza kwa muda tu, na yakizidi huunguza ufizi.

Ganzi ya asidi huchoma sekunde chache ikapita, na mara nyingi hushika meno kadhaa. Maumivu yanayodumu dakika nzima, yanayoamsha usiku, au ya jino moja unapouma kitu, ni ya kupeleka kwa daktari wa meno haraka. Na ukienda kuzibwa, mweleze unakunywa nini na kwa muda gani, kwa sababu asidi ikiendelea, jino hulika pembeni na kijazo kikabaki kimesimama peke yake kama kisiwa.