Chaja Begini: Maswali ya Wasafiri Kuhusu Umeme wa Ugenini

Barua nyingi za wasafiri huniuliza jambo moja: ninunue adapta gani? Nami kila mara huwarudishia swali: chaja yako imeandikwa nini? Wengi hawajawahi kuisoma, maana herufi zake ni ndogo, za kijivu juu ya plastiki nyeusi, kana kwamba mtengenezaji hakutaka zisomwe. Safari hii nimechagua barua saba.

Fundi, kwetu umeme ni volti 230. Nakwenda Marekani, kisha nitapita Japani. Nimeambiwa umeme wao ni mdogo, kwa hiyo simu na laptopu haziwezi kujaa bila transfoma. Ni kweli?

Si kweli, lakini usinikubali mimi, ikubali chaja yako. Ipeleke kwenye mwanga, au ipige picha kwa simu kisha uikuze. Tafuta mstari unaoanza na neno INPUT. Ukikuta 100–240V, 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa karibu kila nyumba duniani. Karibu chaja zote za simu, laptopu na kamera za siku hizi ziko hivyo. Ndani yake umeme wa ukutani hukatwakatwa mara maelfu kwa sekunde na kupimwa upya, hivyo volti zikishuka au zikipanda chaja inajirekebisha yenyewe. Marekani ni volti 120 kwa hezi 60 (Hz), yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Japani ni volti 100, na nchi ile moja ina hezi mbili: 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 mji mmoja ulinunua jenereta za Ujerumani na mwingine za Marekani. Hawajazifanya kuwa moja mpaka leo. Chaja yako haitajua tofauti.

Unachohitaji ni adapta tu, kile kipande kinachobadili umbo la plagi. Transfoma ni kitu kingine, yenyewe hubadili volti. Watu huchanganya majina haya mawili, na hasara nyingi za ugenini huanzia hapo. Ukikuta chaja imeandikwa 220–240V peke yake, iache nyumbani utafute nyingine. Itakugharimu kidogo kuliko transfoma.

Draya yangu ya nywele niliinunua Marekani, imeandikwa 120V, wati 1875. Nakwenda Ulaya na adapta ninayo. Kuna neno?

Kuna neno kubwa. Draya, pasi ya nywele, birika na pasi ya nguo ni vifaa vya joto, na kifaa cha joto hakijirekebishi. Volti zikikaribia kuwa maradufu, nguvu inakaribia kuwa mara nne. Draya yako ya wati 1875 ingejaribu kuvuta karibu wati 6,900 kwenye volti 230. Haitafika huko. Waya wake utawaka mwekundu, utatoa moshi, na ukiwa na bahati fyuzi itakatika kabla ya pazia kushika moto. Adapta haitakuokoa, kwa kuwa kazi yake iliisha pale plagi ilipoingia.

Wala usidhani umbo la tundu litakuonya. Ufilipino wanatumia matundu ya pini mbili bapa yanayofanana na ya Marekani, lakini ndani yake mna volti 220. Plagi inaingia bila adapta, na kifaa kinaungua bila kuuliza. Brazili ndiyo inanichekesha zaidi: plagi ni ileile nchi nzima, ila mji huu una volti 127 na mji ule 220. Uliza kabla ya kuchomeka.

Mwenzako anayesafiri kwa upande wa pili, na draya ya volti 230 kwenye nchi ya volti 120, hataunguza kitu. Atapata robo tu ya nguvu, upepo wa mtu anayepuliza chai.

Je, transfoma? Ya kubeba wati 2000 kweli kweli ina moyo wa chuma na uzito wa kilo nyingi. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri na kudai kubeba wati 1600 vingi vinakata tu mawimbi ya umeme. Vinavumilika kwa draya ya kawaida, lakini ukichomeka humo kitu chenye saketi za elektroniki unakiua. Azima draya hotelini. Au nunua ile yenye swichi ya volti mbili, ya kuzungusha kwa sarafu, na ukishaizungusha kumbuka kuirudisha. Mimi fundi nilisahau mara moja, kwenye mashine ya kunyolea. Nilisikia kishindo kimoja, na chumba kikawa giza.

Shikamoo fundi. Nikichaji laptopu yangu ya bati nikiwa hotelini, nikipitisha kiganja juu ya kifuniko nahisi kama sisimizi wanatembea. Nyumbani haifanyi hivyo. Laptopu imeharibika?

Marahaba. Haijaharibika, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuibeba kwa fundi ambaye angeifungua bure.

Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkali na upande wa laptopu, ili kuzuia kelele za kielektroniki zisisumbue redio na vifaa vingine. Kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampea. Nyumbani unatumia plagi ya pini tatu, na mkondo huo unashuka ardhini kupitia pini ya ethi. Hotelini umetia adapta ya pini mbili, ethi imekatika njiani, na mkondo umebaki kwenye bati ukisubiri njia. Njia ni mkono wako, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya vigae.

Kwa chaja halali, mtekenyo huo ni kero tu. Ukigeuka kuwa teke, yaani umeme unakurusha mkono, au chaja yenyewe ni ya jina usilolijua, chomoa na usiichomeke tena.

Dawa ni kurudisha ethi. Adapta nyingi za bei ndogo zina shimo la tatu la plastiki ambalo halijaunganishwa na chochote, ni pambo. Ethi ya tundu la Ujerumani iko kwenye vibati viwili vya pembeni, na ya Ufaransa ni pini inayochomoza kutoka kwenye tundu lenyewe. Adapta isiyogusa sehemu hizo haina ethi, hata kama kasha lake linasema vingine. Ila kuna njia ninayoipenda kuliko adapta yoyote. Chaja nyingi za laptopu zina waya unaochomoka kwenye kile kitofali, ama wenye kichwa cha umbo la namba 8, ama wenye vijishimo vitatu mfano wa jani lenye sehemu tatu. Ukifika uendako nunua waya huo tu, wenye plagi ya hapo. Hakuna adapta inayoning'inia ukutani, na kwa ule wa vijishimo vitatu, ethi inarudi.

Nina pawabanki ya mAh 30,000. Uwanja wa ndege watanipokonya?

Huenda. Mashirika ya ndege hayahesabu mAh, yanahesabu wati-saa. Zidisha mAh kwa 3.7, ambazo ndizo volti za betri iliyo ndani, kisha gawa kwa 1000. Yako ni 111. Mpaka 100 unapita nayo bila maelezo. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, na zisizidi mbili. Juu ya 160 hairuhusiwi kwa abiria. Ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, na ile ya 27,000 ni 99.9, sasa umejua kwa nini watengenezaji wanaipenda namba hiyo ya ajabu.

Ya ukubwa wowote, ipande nawe ndani ya ndege, isiwekwe kamwe kwenye begi linalopakiwa chini. Betri ya lithiamu ikianza kuchemka, juu kuna watu wa kuuona moshi na maji ya kuipoza. Chini hakuna mtu. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Busan, Korea Kusini, kabla ya kuruka. Watu wote walitoka wakiwa hai, na uchunguzi ulielekea kwenye pawabanki iliyokuwa kabati la juu. Tangu Machi mwaka ule Korea Kusini inataka abiria wakae nazo karibu, si kwenye kabati. China, kuanzia 28 Juni 2025, inakataa kwenye safari zake za ndani pawabanki isiyo na alama ya 3C, cheti cha usalama cha China. Emirates, kuanzia 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu isiyozidi wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia mkiwa angani. Kanuni zinabadilika haraka, kwa hiyo soma za shirika lako wiki ya safari.

Na kama maandishi ya pawabanki yamefutika kwa kusuguana na funguo begini, mkaguzi hana sababu ya kukuamini. Iliyovimba usiibebe kabisa, hata kwa gari.

Ni kweli wezi wanaiba data kupitia USB za bure uwanja wa ndege?

Inawezekana kiufundi, na ofisi ya FBI ya Denver ilitoa onyo mwaka 2023 lililozunguka dunia. Lakini onyo limekuwa kubwa kuliko visa vyenyewe. Simu za siku hizi hazitoi data bila idhini. iPhone inauliza kama uiamini kompyuta tangu 2013. Ikikuuliza hivyo na wewe uko kwenye nguzo ya kuchajia, kataa na uchomoe. Mimi huchomeka chaja yangu kwenye tundu la umeme, si kwa kuogopa wezi, bali kwa sababu USB za umma zimelegea na zinachaji kwa mwendo wa kinyonga. Waya uliosahauliwa na mtu usiutumie.

Nina adapta moja na vifaa vitano. Naweza kuchomeka ekstensheni yangu ya nyumbani juu ya adapta?

Kwa simu, saa, kamera na laptopu, ndiyo. Laptopu ya wati 65 na simu mbili za wati 20 ni mzigo mdogo. Soma ampea za adapta. Ya ampea 6 inabeba wati 1380 kwenye volti 230, lakini kwenye volti 110 inabeba wati 660 tu, jambo ambalo wengi hawalihesabu. Birika lisiguse ekstensheni hiyo.

Tahadhari moja: ekstensheni ya Marekani yenye kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla imetengenezewa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230, kinga yenyewe inaona hatari tangu sekunde ya kwanza, na inaweza kuungua. Bafuni Uingereza nako kuna tundu la mashine ya kunyolea, pini mbili, lenye transfoma ndogo nyuma yake. Niliulizwa humohumo kwenye barua hii kama linafaa kwa simu. Liachie mashine ya kunyolea.

Nilikuwa nchi ya theluji. Nikirudi chumbani na simu ikiwa baridi kama jiwe, nikiichomeka inakataa kuchaji. Chaja mbovu?

Simu inajilinda. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujipaka kama madini juu ya elektrodi, kile kibamba cha ndani ya betri, badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Iweke mfuko wa ndani wa koti nusu saa, usiiweke juu ya hita, halafu ichomeke.