Digrii ya Sheria Mkononi, Deni Mlangoni

Mdogo wangu kamaliza mwaka wa nne wa sheria. Juzi barazani akaniuliza, "Dada, sasa si nishakuwa wakili?" Swali hilo nami niliwahi kuliuliza, na jibu lake lilimtoa mama bangili zake mbili za dhahabu.

Jibu ni bado. Baada ya chuo kuna Shule ya Sheria ya Kenya, Karen, Nairobi, yenye karo yake. Kuna mitihani 9. Kuna miezi 6 ya mafunzo chini ya wakili. Mimi kwenye mafunzo hayo nilipewa nauli tu. Kwa sisi wa Mombasa, ongeza kodi ya chumba Nairobi. Yote hayo yapigie hesabu ungali chuoni.

Kisha kuna mkopo wa masomo. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ni asilimia 4, na ukiacha kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mimi nilikuwa nikiona ujumbe wao kwenye simu, naufuta. Niliona haya kusema sina kazi. Faini ikaenda ikirundikana, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko mkopo wenyewe. Tafadhali, usifute. Waandikie mapema, waeleze hali yako, uombe kulipa kidogo kidogo.

Kosa langu la pili lilikuwa kukataa ukarani wa ofisi ya mawakili. Mwaka mzima nilikaa nyumbani nikingoja kazi ya hadhi. Nilipokubali hatimaye, ofisi moja upande wa Nkrumah Road, karani mzee aliniwekea jalada mezani akaniambia nitafute kasoro. Sikuiona. Akaweka kidole: kielelezo, yaani karatasi ya ushahidi iliyoambatishwa kwenye hati ya kiapo, hakikuwa na muhuri wa kamishna wa viapo, anayeshuhudia kiapo. Kwake nilijifunza masijala, na nikajifunza mirathi: familia za Likoni na Kisauni ambazo hati ya shamba bado ina jina la babu, na wajukuu washaanza kugombana. Kazi ipo huko, nyingi, na watu wanateseka kwa kukosa wa kuwaelekeza. Ila usijifanye wakili kabla ya kuapishwa, hata ukibembelezwa na jirani. Ni kosa la jinai.

Jumatatu nampeleka mdogo wangu kwa yule mzee. Leo usiku tunakaa na daftari: karo, chumba, nauli, na tarehe ambayo HELB wataanza kudai.