Mizani ni za lori au za shairi?

SWALI: Habari za kazi wahariri, mimi ni utingo wa lori la Dar kwenda Tunduma, mizani naijua ile ya Vigwaza tunapopimwa mzigo, sasa binti yangu kaja na homwek eti "hesabu mizani za kila mshororo", nikabaki namtazama tu. Inakuaje?

JIBU: Kaka, neno ni lilelile. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kupima uzito, hata "uzani" ni ndugu yake. Barabarani inapimwa gari na mzigo wake, ikizidi tani 56 kwa Afrika Mashariki umekwama hata kama una ekseli ngapi, ila kwenye shairi kinachopimwa ni sauti, yaani unahesabu silabi za mshororo, ndo mstari mmoja wa shairi. Mwambie binti apige vidole mezani: "Barabara ina shimo, dereva punguza mwendo", ba-ra-ba-ra-i-na-shi-mo, hapo 8, halafu de-re-va-pu-ngu-za-mwe-ndo, 8 tena, jumla 16, na ndo kipimo washairi wetu wanakipenda sana. Awe makini na "m" ya "mtu", ile inahesabiwa silabi peke yake, m-tu ni mbili, watoto wengi wanakosea hapo na inauma maana shairi lenyewe wamelielewa. Mshororo mmoja ukizidi au kupungua sikio linashtuka, wenyewe wanasema shairi lina guni.

Wanajimu nao wana nyota ya Mizani, ya waliozaliwa mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba, mchoro wake mizani ileile ya dukani.