Mdogo wangu alianguka ghafla akafariki: je, nami nipimwe?

Pole sana, ndugu yangu. Mdogo wako wa miaka 27 kuanguka akikimbia na kufariki palepale kunakuhusu na wewe. Kwa vijana, chanzo mara nyingi ni cha kurithi: misuli ya moyo iliyonenepa, au hitilafu ya umeme unaoendesha mapigo yake. Hapo moyo unatetemeka tu, hausukumi damu.

Kapimwe umeme wa moyo na ultrasaundi yake, wewe na ndugu zako wote, hata mkijisikia wazima. Umewahi kuzimia ukiwa mazoezini? Mwambie daktari hilo kwanza. Ndilo linalonitia hofu zaidi. Mazoezi mazito yasubiri majibu.

Tena jifunzeni kukandamiza kifua: katikati, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyeanguka, haitiki, na anakoroma kwa kukatakata hajalala: moyo wake umesimama. Msimwagie maji, anzeni kukandamiza huku mwingine akipiga simu ya dharura.