Kipaumbele cha 1001 na masasisho ya kiotomatiki kwenye Debian

Mkuu, umesema kwenye seva yako ya Debian (mfumo wa Linux), ghala la nje la programu za hifadhidata, yaani chanzo kisicho cha Debian yenyewe, umeliwekea kipaumbele cha 1001, kwa vifurushi vyote (alama ya nyota, *), na bado masasisho ya kiotomatiki hayaligusi. Ni kwa sababu hapo kuna milango miwili, na wewe umefungua mmoja tu.

Namba ya kipaumbele huiambia apt, programu inayosakinisha vifurushi, ichague toleo lipi. Toleo la kawaida hupata 500, la backports (matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa Debian ya zamani kidogo) 100, na ukiandika namba hasi halisakinishwi kabisa. Lakini unattended-upgrades, programu inayofanya masasisho ya kiotomatiki, ina orodha yake ya vyanzo inavyoruhusiwa kuvuta, ndani ya faili la 50unattended-upgrades. Ghala lako halimo humo, kwa hiyo hata ungeandika elfu tano lingerukwa.

Hiyo 1001 iondoe leo. Kuanzia 1000 apt inaruhusiwa kurudisha kifurushi kwenye toleo la zamani, na kwa kuwa umeweka nyota, kila chenye jina linalofanana ndani ya ghala lile kinaweza kuchukua nafasi ya kile cha Debian. Kwenye seva ninazosimamia, ghala la nje huliwekea 100 kwa nyota, kisha 500 kwa majina ya vifurushi ninavyovihitaji tu.

Sasa penye mtego. Endesha `apt-cache policy` bila jina la kifurushi. Chini ya kila ghala utaona mstari wa release wenye o= (jina la mwenye ghala), a= na n= (majina ya toleo), na chini yake mstari wa origin wenye anwani ya seva. Kwenye faili la vipaumbele, `Pin: origin` maana yake ni ile anwani. Kwenye Origins-Pattern, yaani ile orodha ya vyanzo ndani ya 50unattended-upgrades, `origin=` ni ile o= ya mstari wa release, na anwani huandikwa `site=`. Nimeona watu wengi wakinakili kutoka faili moja kwenda jingine, halafu kimya: hakuna kosa linaloonyeshwa, na hakuna kinachosasishwa.

Jina la faili lako ndani ya preferences.d, folda ya faili za vipaumbele, nalo liwe bila kiambishi cha mwisho au liishie na .pref, la sivyo apt hailisomi.

Ukimaliza, jaribu `unattended-upgrade --dry-run --debug`, ambayo ni jaribio tu lisilosakinisha kitu. Itakutajia vyanzo inavyoruhusu na kila kifurushi inachotaka kusasisha. Usikimbilie `apt-mark hold`, amri ya kukigandisha kifurushi kwenye toleo lake, maana inazuia hata marekebisho ya usalama ya kifurushi hicho.